Juni au Agosti Algonquin?

Dada, umeuliza kama Juni inafaa kwenda na watoto kulala porini kwenye hifadhi ya Algonquin, Ontario, Kanada, kwa mtumbwi. Subirini mwisho wa Agosti! Mbu na visubi wa Juni kule ni mateso, watoto hawatafurahia chochote. Makopo na chupa za vinywaji haviruhusiwi huko ndani, kwa hiyo bebeni unga na maharage makavu. Dubu weusi wapo kweli: msiache hata biskuti hemani. Chakula chote kitieni kwenye mfuko mmoja, mkivute kwa kamba juu ya mti, mita 4 kutoka chini na 2 kutoka kwenye shina. Mkichagua ziwa Opeongo, vukeni asubuhi. Ziwa ni kubwa, upepo wa mchana huinua mawimbi. Na jaketi za kujiokolea mzivae, hata wanaojua kuogelea.