Gari linazungusha stata lakini haliwaki

Kaka wa Ujiji uliyeuliza kwa nini gari lako haliwaki, kama stata inazungusha vizuri ila injini haishiki, na ile taa nyekundu ya usalama inaendelea kuwaka na kuzima hata ufunguo ukiwa ndani, usikimbilie kununua stata. Huenda kinga ya wizi ya kiwandani (immobilizer) haijautambua ufunguo, imekata mafuta au moto wa plagi. Ondoa funguo nyingine zote ulizozifunga pamoja nao zisivuruge usomaji wake, kisha jaribu ule wa akiba. Betri ya rimoti usihangaike nayo: kwa ufunguo wa kuchomeka, chipu ya ndani, ile gari inayoisoma kuutambua ufunguo, haitumii betri; betri hiyo ni ya rimoti ya milango tu. Wa akiba ukikubali, wa kwanza ndio mgonjwa. Ukigoma nao, mwite fundi umeme mwenye mashine ya kusoma hitilafu. Anayeanza kwa kukata waya chini ya usukani, mnyang'anye koleo.