Dada, usimlipe huyo wakala salio la hija

Mambo ya nauli weka kando kwanza. Umesema wakala amekupangia siku nne: mtoke Nairobi, mpitie Subukia kwenye kituo cha hija cha Bikira Maria, mvuke mpaka Busia, mguse Munyonyo, muwe Namugongo tarehe 3 Juni, sikukuu ya mashahidi wa Uganda, mmalizie Jinja kwa picha za chanzo cha Nile. Na unataka safari hiyo ikutulize moyo baada ya ndoa kuvunjika. Kwa ratiba hiyo utarudi ukivijua viti vya basi tu.

Mimi niliuziwa safari kama hiyo mwaka aliofariki mama. Nilitaka jambo moja: mahali patakatifu nimlilie mama bila kuharakishwa. Nilimwambia muuzaji waziwazi, naye akanijibu, "Utalia mpaka uchoke, dada." Tukakesha barabarani, mpakani foleni ikatumeza, na kila tuliposhuka tuliambiwa tufanye haraka. Namugongo kulikuwa na umati hata madhabahu sikuyaona. Nimepiga magoti, sala haijafika katikati, kijana wa yule muuzaji ananigusa bega: basi linaondoka, watu wanataka kuwahi madukani Kampala. Madukani! Nikapanda na kilio changu chote kifuani. Mkopo wa safari niliouchukua kwenye chama cha akiba niliulipa ukaisha. Deni la kumlilia mama halikuisha. Nilipolalamika, yule bwana akaniambia neema haihitaji muda. Mtu anayehesabu hija kwa viti vilivyojaa amepata wapi ujasiri wa kunifundisha neema? Nikionekana mchungu, sawa, hata mwarobaini ni mchungu na tunaunywa.

Hebu watazame hao mashahidi unaokwenda kuwaheshimu, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Mwaka 1886 walitolewa Munyonyo wakaswagwa kwa miguu hadi Namugongo, wengine wakauawa njiani. Waliofika walifungwa karibu wiki nzima, kuni zikikusanywa, ndipo Karoli Lwanga na wenzake wakachomwa moto tarehe 3 Juni. Kutembea kule na kungoja kule ndiyo hija yenyewe, na ndiyo sababu kuna Wakenya wanaokwenda kwa miguu wakati mabasi yapo. Wakala wako amekuuzia njia ya kuviruka vyote viwili.

Kwa hiyo: mahali pamoja, kwa miguu, na usipangiwe saa ya kuondoka. Asubuhi utatembea ukigombana na huyo mume kichwani, neno kwa neno. Jioni miguu inawaka, ugomvi umekwisha wenyewe, na unamsikia mama mzee wa jumuiya pembeni yako akisali rozari kwa sauti iliyokauka. Hapo ndipo kitu huanza kulegea. Huwezi kukifikia ukisinzia dirishani.

Kama mwili hauwezi safari ndefu, nenda Subukia peke yake, siku ya kawaida, si ile siku ya maombi ya kitaifa ya Oktoba. Panda kilima taratibu hadi kwenye chemchemi. Kaa. Ukitaka kulia, lia.

Kutokuwa Mkatoliki kusikutishe: kati ya mashahidi 45 wa Uganda, 23 walikuwa Waanglikana, nao wana mahali pao hapo hapo Namugongo. Swali lako la mavazi wenzangu watakujibu. Wewe mpigie wakala leo, udai ulichotanguliza, kisha kesho pita parokia ya karibu uulize kundi la wanaotembea linaanza mazoezi lini.