Kungwi Anapoletewa Wasio Wari

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni kungwi hapa Ngamiani, Tanga, na kwa zaidi ya miaka 20 nimewafunda wari kwa maneno niliyoyapokea kwa somo wangu. Siku hizi naletewa na watu wengine: mjane aliye edani, ambaye kila nikimsihi awe na subira hugeukia ukutani, mama mwenye kijana wa miaka 24 anayetumia unga, ambaye ameonywa mpaka maonyo yamekwisha, na binti wa miaka 13 asiyetaka tena kulala nyumbani kwa ndugu yao mmoja, aliyeniambia sababu na kuniapisha nisiitoe. Kwa nini maneno yaliyowafaa wari hayawafai hawa?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama, na shikamoo. Nitaanza na binti, ingawa umemtaja mwisho, kwa kuwa jambo lake ni la leo. Siri ni nguzo ya unasihi, yaani kazi ya ushauri nasaha, lakini mnasihi aliyefunzwa humweleza mteja tangu mwanzo kwamba siri hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni pale mtu anapokuwa hatarini. Rudi kwake umwambie kwamba unamwamini, kwamba hakukosea kusema, na kwamba jambo hili ni lazima lifike kwa watu wenye uwezo wa kumlinda. Usimhoji upya, wala usimwite huyo ndugu ili yaishe kifamilia, kwa maana mtoto anayerudishwa kwenye maelezo hayo kila mara huumia tena, na mtuhumiwa hupata nafasi ya kumtisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye habari za mtoto anayedhulumiwa azitoe kwa serikali ya mahali pake. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au piga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto.

Sasa swali lako. Mwari huletwa kwako akiwa amekubali kwamba wewe unajua asichokijua, na kufunda ni kumpa kile alichokosa. Mjane hakupungukiwa na maarifa; neno subira huenda yeye mwenyewe amewaambia wenzake matangani mara nyingi. Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika sana katika miaka ya 1940 na 1950, alishikilia kwamba mtu husaidika anapokutana na msikilizaji wa kweli, asiyemhukumu, anayejaribu kuyaona mambo kama yeye anavyoyaona. Eda ya miezi 4 na siku 10 inakupa nafasi ya kufanya hivyo bila haraka. Keti naye, mtaje marehemu kwa jina, uliza alikuwa mtu wa namna gani, na akinyamaza nawe nyamaza. Zile hatua tano za majonzi zinazotajwa sana, Elisabeth Kübler-Ross aliziandika mwaka 1969 baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokabiliwa na kifo chao wenyewe, kwa hiyo usimpimie mjane kana kwamba ni ngazi anayopaswa kuipanda. Akiacha kula, au akisema anataka kumfuata mumewe, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa kijana, ugumu ni mwingine. Ndani yake mna anayetaka kuacha na anayeiogopa arosto, yale mateso ya kukosa unga, na kila unapomwonya unamnyang'anya nafasi ya yule wa kwanza, hata yeye hubaki kumtetea wa pili. Mmarekani William Miller aliliona hilo kwa walevi, na tangu mwaka 1983 alieleza namna ya kuzungumza ambayo mteja ndiye hutamka sababu zake za kubadilika. Badala ya kumwambia unga utamuua, mwulize unampa nini na unamnyima nini. Akisema amechoka kumwibia mama yake, lirudie neno hilo kwake polepole, kisha mwulize angependa mwaka ujao uwe vipi. Hata hivyo mazungumzo peke yake hayatoshi, kwa sababu arosto ni maradhi ya mwili, yenye kutapika, kuhara na maumivu ya viungo, na wanaomwita mvivu au asiye na haya wanamwonea. Tiba ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya unga ili kuzuia arosto, iliyoanza nchini mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, sasa ipo pia katika Hospitali ya Bombo, hapo hapo mjini kwenu. Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu, na hupewa ushauri nasaha pamoja nayo. Akisema yuko tayari, fuatana naye asubuhi ile ile, kabla arosto haijamrudisha maskani kwa wenzake wa unga.

Na mama yake, ambaye amekujia kwa ajili ya mwanawe, naye ni mteja. Mpangie siku yake peke yake, na kabla hamjamtaja kijana, mwulize yeye analalaje usiku.