Seva inakubali muunganisho, au inaupokea?

SWALI: Naandaa mwongozo wa Kiswahili kwa vijana wanaojifunza kuandika programu za seva hapa Dodoma. Sehemu moja nimeandika hivi: “Tukio likitokea, seva inakubali muunganisho kwenye bandari 8080. Foleni ikijaa, miunganisho mingine itakataliwa.” Mwenzangu anasema neno ni “kupokea”, si “kukubali”. Mwingine anataka “kuridhia”. Tushike lipi? – Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Mwenzako wa kwanza ndiye mwenye haki. “Kuridhia” tuwaachie wabunge, wao ndio wanaoridhia mikataba.

Anayekubali ni mtu aliyekuwa na nafasi ya kukataa. Sasa tazama kinachotokea kwenye seva, yaani mashine inayohudumia nyingine. Mashine ya mteja inatuma ombi, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, upande wa seva inajibu, mteja anathibitisha. Hatua zote tatu zinamalizwa na kerneli, programu yako haijaulizwa neno. Muunganisho uliokwisha kukamilika unapangwa foleni. Programu inapoita amri ya accept (Kiingereza cha “kubali”), kazi yake ni kuuchukua ule ulio mbele na kukabidhiwa namba yake. Hapo pana uamuzi gani? Jina hilo la Kiingereza lipo tangu mfumo endeshi wa 4.2BSD wa mwaka 1983, na ndilo linalotuponza: tunatafsiri neno badala ya kutafsiri tendo. Kiswahili kilishapata jibu lake zamani. Simu ikiita, tunaipokea. Mgeni akishuka stendi na mabegi yake, tunampokea, hata mzigo tunampokea. “Kuruhusu” na “kukataa” viache kwa ngome ya mtandao, ambako kweli kuna kanuni na hukumu.

Uzuri wa “pokea” ni kwamba inanyumbulika. Wanafunzi wengi wanachanganya soketi mbili (soketi ni ncha ambayo programu hutumia kuwasiliana na mtandao): ile inayokaa mlangoni, kwenye namba kama 8080 uliyoiita bandari, na ile inayozaliwa kila muunganisho unapopokewa. Mtu anakwenda kusoma data kwenye ile ya mlangoni, mfumo unamrudishia kosa kwamba soketi haijaunganishwa, naye anabaki kushangaa kwa kuwa anaona kwa macho yake mteja ameunganishwa. Kauli ya kutendea inamaliza utata huo bila maelezo marefu. Kama tunavyosema chumba cha kulalia na kisu cha kukatia, ya kwanza iite soketi ya kupokelea, ya pili soketi ya mazungumzo. Ya kupokelea haibebi data hata baiti moja. Inatoa soketi nyingine, basi.

Kauli hiyohiyo inafaa kwenye “kusikiliza”. “Seva inasikiliza mlango 8080” inanifanya nione mtu ametega sikio kwenye bawaba. “Inasikilizia mlangoni” ni bora zaidi, na vijana wako wataielewa haraka kwa sababu mtaani “nasikilizia” ni kungoja uone kitakachokuja, na ndiyo kazi yenyewe. Na iwe mlango, tafadhali, si bandari. Bandari ina meli.

Kuhusu programu inayoendeshwa na matukio (maneno hayo yanatosha: ni ile inayongoja kuarifiwa ndipo itende), tatizo kubwa liko kwenye sentensi yako ya kwanza: “Tukio likitokea, seva inakubali muunganisho.” Muunganisho mmoja? Umoja huo ni kosa la sarufi linalozaa kosa la programu. Arifa ya tukio inasema tu kwamba foleni si tupu; haisemi ina wangapi. Kwenye Linux, epoll, chombo cha kuarifu matukio, kwa kawaida hukukumbusha tena na tena ilimradi foleni ina kitu, kwa hiyo aliyepokea mmoja mmoja atasalimika, ingawa kwa mwendo wa kobe. Lakini ukiiweka ikuarifu pale tu hali inapobadilika, wateja kumi wakifika kwa pamoja unaweza kupata arifa moja. Ukipokea mmoja ukarudi kulala, tisa wamebaki foleni, hawatolewi mpaka aje mwingine kuiamsha seva. Kwa hiyo wingi pamoja na “mpaka”: pokea miunganisho yote iliyo foleni mpaka mfumo useme hakuna.

Hapo kwenye “hakuna” pana jambo ninalolipenda. Soketi ya kupokelea iliyowekwa iwe “isiyosubiri”, ukiiomba muunganisho na foleni ni tupu, inarudisha alama ya EAGAIN. Miongozo huiita kosa, na mwanafunzi anaandika programu inayozima seva ikiiona. Si kosa. Kiswahili kina neno lake, tena fupi: bado. “Kuna mwingine?” “Bado.” Unarudi kwenye mzunguko kusubiri arifa. Andika “bado” kwenye maelezo ya msimbo wako na hakuna atakayeizima seva.

Nimesema mzunguko, yaani kungoja arifa, kuishughulikia na kurudi kungoja. Wapo wanaoandika “kitanzi cha matukio”. Kamusi inawaruhusu, lakini msomaji wa kawaida akiona kitanzi anawaza shingo.

“Isiyosubiri” nayo ifafanuliwe, maana wengi hudhani ni programu isiyosubiri chochote. Inasubiri sana, ila mahali pamoja tu. Chukua gesti yoyote ya hapa mjini wakati wa Bunge la Bajeti. Mhudumu wa mapokezi ni mmoja; anaandika jina, anatoa ufunguo, anageukia anayefuata. Siku akimsindikiza mgeni chumbani na kumngojea aoge, kaunta nzima imesimama. Programu inayosoma faili kubwa au kungoja jibu la hifadhidata papo hapo baada ya kupokea muunganisho inafanya kosa hilohilo. Msajili mteja kwenye mzunguko, mpe soketi yake isiyosubiri, rudi kaunta. Kwenye Linux, tangu toleo 2.6.28, amri ya accept4 inakuwezesha kuiomba soketi mpya izaliwe tayari ikiwa haisubiri. Ukitumia ile ya zamani itabidi uiweke hivyo mwenyewe, na kulisahau hilo ndiko kunakogandisha seva nyingi za wanafunzi.

Sentensi yako ya pili, “miunganisho mingine itakataliwa”, si kweli kwa Linux. Foleni ya kupokelewa ikijaa, kwa kawaida kerneli haikatai, inapuuza: haijibu, na mteja anatuma ombi tena baada ya kama sekunde moja, kisha anaongeza muda wa kungoja kila anaporudia. Mtumiaji anaona seva nzito. Kukataliwa ni jambo jingine, hutokea pale ambapo hakuna programu yoyote inayosikilizia mlango huo. Ukiandika “itakataliwa”, fundi atatafuta ujumbe wa kukataliwa kwenye kumbukumbu za wateja na hataukuta. Urefu wa foleni unautaja mwenyewe unapoanza kusikilizia, lakini mfumo una kikomo chake, somaxconn: kilikuwa 128 kwa chaguo-msingi hadi Linux 5.4 ya mwaka 2019 ilipokipandisha kuwa 4096. Kwenye mashine ya zamani unaweza kuomba 1000 ukapewa 128 bila kuambiwa.

Kuna pia “imeshindwa kupokea”, ambayo si kukataa wala kupuuza. Mara nyingi programu huwekewa kikomo cha faili 1024 zilizo wazi, na soketi zinahesabiwa humo. Kikiisha, kupokea kunashindwa lakini muunganisho unabaki foleni, epoll inakukumbusha, unashindwa tena, na kichakataji kinazunguka kwa asilimia 100 bila kazi ya maana. Dawa inayotumika ni kutunza faili moja ya akiba: ifunge, pokea muunganisho kwa nafasi hiyo, ufunge, kisha fungua akiba tena. Nyingine ni kuiondoa soketi ya kupokelea kwenye mzunguko kwa muda.

Ningeliandika fungu lako hivi: “Seva inasikilizia mlango 8080. Ikiarifiwa, inapokea miunganisho yote iliyo foleni mpaka ijibiwe ‘bado’, inasajili kila mmoja kwenye mzunguko wa matukio, kisha inarudi kusubiri. Foleni ikijaa, maombi mapya yanapuuzwa na mteja anajaribu tena.”

Ukitaka kauli ya kutendwa, “umepokewa” ndiyo ya moja kwa moja. “Umepokelewa” kwa asili inatoka kwenye “pokelea”, ingawa siku hizi wengi wanaitumia kwa maana zote mbili. Mimi ningeitunza kwa pale unapotaja mahali: muunganisho umepokewa, umepokelewa kwenye mlango 8080.