Usivae mbiombio, mwanangu

Mwanangu, umesema asubuhi unavaa huku simu iko mkononi, na ukifika jeti ya Mokowe, huko Lamu, hukumbuki hata kama ulijipaka mafuta. Nimekuelewa, na nimekuonea huruma.

Anza na miguu. Tia mafuta ya nazi kidogo kiganjani, sugua viganja mpaka yapate joto, kisha paka kidole kimoja kimoja, nyayo, visigino. Polepole. Akili ikikimbilia kazini usiigombeze, irudishe kwenye kidole ulichokifikia.

Buibui lifukize udi tangu usiku. Kaa la moto lifunike jivu kidogo ndani ya chetezo, udi utoe moshi bila kuungua, na usiondoke hapo mpaka umalize. Asubuhi, kabla ya kufunga mtandio, simama uvute ile harufu mara 3. Mimi hapo ndipo moyo wangu hutulia, hata siku yenye msiba.

Dua ya kuvaa unaijua tangu chuo cha Kurani. Isome ukiisikia, ukianza kuvaa na mkono wa kulia.

Simu ibaki chumba kingine, hilo silegezi. Wiki hii shika hilo la kupaka miguu tu, dakika 5, kisha uniandikie.