"Mimba si ugonjwa," waliniambia, na damu yangu ilikuwa nane

Wiki iliyopita, usiku wa manane, niliandikiwa na msomaji mwenye mimba ya miezi sita. "Dada, chakula hakipiti, usingizi sina, nalia bila sababu. Mume wangu ananiambia nijikaze. Wewe ulifanyaje?" Nilimjibu kwa mistari mitatu, kisha nikakaa na simu mkononi mpaka alfajiri. Mistari mitatu haimtoshi mtu wa namna hiyo, kwa hiyo naandika.

Mimba yangu ya kwanza niliitafuta miaka minne. Ilipoingia, kila mtu alitegemea nishinde nacheka. Kichefuchefu kilinikamata wiki ya sita, na miezi mitatu ilipokwisha, wenzangu wanapopumzika, mimi kikazidi. Niliishi kwa mlo mmoja kwa siku, tena wa kujilazimisha. Badala ya kuongezeka uzito nilipungua. Ngazi chache tu zilinitosha kuhema na moyo kunienda mbio. Halafu kikaja kitu ambacho sikuwa na jina lake. Nilikuwa naamka nimeshachoka, sitaki kuongea na mtu, sitaki hata kuguswa tumbo. Nguo za mtoto nilizonunua mapema nilizifungia kabatini, maana kila nikiziona nilijihisi mkosaji.

Kliniki wakanipima damu, ikaja 8.4. Niliandikiwa vidonge vya kuongeza damu. Nikasema, "Tena nalia sana." Aliyekuwa mbele yangu hakuinua uso. "Mimba si ugonjwa, mama. Wewe kula tu." Nimesamehe mengi maishani, lakini neno hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nililiamini. Nilirudi nyumbani nikijiona mvivu. Vidonge navyo vikanifunga choo na kunivuruga tumbo, nikaviacha kimyakimya baada ya siku tisa. Hilo ni kosa langu na nalikiri.

Sasa nisikilizeni. Namba ya damu ni kiwango cha himoglobini, ile inayobeba oksijeni mwilini. Mjamzito mwenye kiwango chini ya gramu 11 kwa desilita, au chini ya 10.5 katika miezi mitatu ya kati, Shirika la Afya Duniani linamhesabu kuwa ana upungufu. Ndiyo maana linashauri kila mjamzito apate madini chuma miligramu 30 hadi 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku. Na madini chuma kazi yake si damu peke yake. Ubongo nao huyahitaji kutengeneza serotonini na dopamini, kemikali zinazogusa hisia na ari ya mtu. Watafiti wamekuta upungufu wa damu na sonona, yaani huzuni nzito isiyoachia, vikiandamana kwa wajawazito, ingawa kuandamana si ushahidi kwamba kimoja kimemzaa mwenzake. Sonona yenyewe huua hamu ya kula, na asiyekula damu humshuka. Kwangu mimi kipi kilitangulia, siwezi kusema, na nimeacha kujiuliza.

Wiki ya 26 nilikutana na mkunga mwingine. Alifunga faili langu, akaniuliza maswali kumi ya kipimo cha sonona kiitwacho Edinburgh, kilichotungwa mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua na sasa hutumika hata kwa wajawazito. La kumi huuliza kama wazo la kujidhuru limekujia. Nilinyamaza. Naye akanyamaza nami, hakunikimbiza. Siku hiyohiyo nilipelekwa kwa mshauri wa afya ya akili. Vidonge nilibadilishiwa, nikawa navimeza usiku nikiwa nimekula kidogo, pamoja na tunda lenye vitamini C, mbali na chai na kahawa, kwa sababu hivyo viwili huzuia madini chuma yasifyonzwe vizuri.

Baada ya wiki nane damu ilikuwa 10.7. Nguvu zilirudi kwanza, nikaweza kutembea na kupika. Machozi yalikawia. Yalikauka kwa kuongea, wiki baada ya wiki, na sahani ya chakula isingeweza kuyakausha peke yake.

Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba ukila vizuri huzuni yote itaondoka. Wala asikuambie ujikaze wakati damu yako haijapimwa. Pima damu. Sema unalia. Ukipuuzwa, sema tena kwa mwingine, na tena. Vidonge vikikusumbua rudi uvibadilishiwe, usiviache kama nilivyofanya mimi. Huzuni ikipita wiki mbili usiiite uchovu wa mimba. Na wazo la kujidhuru likikujia, usingoje tarehe ya kliniki: mwamshe mtu, uende hospitali saa hiyohiyo. Nanyi waume, neno "jikaze" liacheni. Msindikizeni, mkae naye humo ndani, na akishindwa kusema, semeni nyinyi.

Yule msomaji wangu aliniandikia tena leo asubuhi. Anakwenda kliniki Alhamisi na mumewe amekubali kumsindikiza. Nimemwomba aniambie damu yake imekuja ngapi, na kama kuna aliyemuuliza kuhusu yale machozi.