Risasi ya Kumwindia Nyati
Swali: Nina bunduki ya magnamu (aina ya risasi zenye baruti nyingi na nguvu zaidi) ya .375, yaani kipenyo cha risasi kwa inchi. Je, kwa nyati nitumie risasi inayotanuka au ile ngumu isiyotanuka?

Jibu: Ndugu msomaji, anza na inayotanuka, ya greni 300 (takriban gramu 19), ambayo kiini chake kimeshikamana imara na ganda lake au iliyotengenezwa kwa shaba tupu, kwa sababu kwa mwendo wa kasi risasi laini isiyo na uimara huo huweza kupasukia kwenye mfupa wa bega kabla haijafika moyoni. Risasi ngumu hupenya zaidi, nayo ndiyo ifaayo kwa fuvu la tembo. Lakini inaweza kumpita nyati mmoja ikamjeruhi aliye nyuma yake, jambo ambalo mwindaji mwadilifu hapaswi kulikubali kamwe. Iweke iwe ya pili, kwa mnyama aliyejeruhiwa anayekimbia akikupa mgongo.